Somo la uchumi livuke liende Ng'ambo

SOMO la uchumi katika vyuo vingi hapa nchini lina jambo moja la kushangaza. Linazungumzia soko kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, lakini mwanachuo anaweza kulisoma, akalifaulu na kuvaa joho bila kuwahi kuuza wala kununua kitu chochote kwa ajili ya somo hilo.

Mkufunzi huingia darasani na karatasi zake. Huchora ubaoni mistari miwili inayokatana, mmoja wa mahitaji na mwingine wa ugavi, kisha husoma maelezo huku wanachuo wakiandika. Siku ya mtihani mistari ileile hurudishwa kwa mkufunzi kwenye karatasi nyingine. Anayekumbuka vizuri hupata alama nzuri, na anayesahau hurudia mtihani.

Mjini Tabora jambo hili linashangaza zaidi. Mji huu ulizaliwa na biashara, na hadi leo mkoa unaishi kwa tumbaku, asali, mpunga, karanga na mifugo. Mwanachuo akitoka darasani na kutembea hadi mitaa ya kata ya Ng'ambo, anakutana na kila kitu kilichoandikwa kwenye daftari lake: bei inayopanda na kushuka, mkopo, dhamana, hasara, ushuru na ushindani. Neno ng'ambo lina maana ya upande wa pili, na huko upande wa pili ndiko somo lilikobaki.

Wengi wa wahitimu wa uchumi, uhasibu na fedha hawataajiriwa kwenye makao makuu ya benki jijini Dar es Salaam. Watakuwa makarani na wahasibu wa vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), watumishi wa halmashauri, maofisa mikopo na watunza hesabu wa SACCOS. Mkulima wa Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui atawauliza swali moja tu: "Nimeuza tumbaku yote hii, mbona fedha niliyopewa ni kidogo?" Karani aliyekariri tafsiri ya riba lakini hajawahi kuona riba ikila fedha za mtu hawezi kumjibu. Mkulima asiyejibiwa huamini ameibiwa, na wakati mwingine huwa kweli ameibiwa na hakuna wa kumwonyesha ni wapi.

Kwa hiyo suala la mbinu za kufundishia si la walimu peke yao. Linagusa mfuko wa mkulima.

Soko ndani ya darasa

Kufundisha uchumi kwa vitendo hakukuanza jana. Mwaka 1948 Edward Chamberlin, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alichapisha matokeo ya masoko aliyokuwa akiyaendesha darasani. Aliwagawia wanafunzi kadi, wengine wakiwa wauzaji na wengine wanunuzi, akawaacha wazunguke na kupatana bei wawili wawili. Bei hazikutulia pale vitabu viliposema zingetulia.

Mmoja wa wanafunzi waliopitia darasa hilo alikuwa Vernon Smith. Mwaka 1956, akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Purdue, alirudia zoezi hilo na kubadili mambo mawili. Bei zilitangazwe kwa sauti ili kila mtu asikie, na soko lirudiwe mara kadhaa. Safari hii bei zilisogea karibu sana na pale nadharia ilipotabiri. Kazi iliyoanzia kwenye kadi za darasani ndiyo iliyompatia Smith Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2002, pamoja na Daniel Kahneman.

Zoezi hilo halihitaji umeme wala kompyuta. Chukua mfano wa darasa la Tabora lenye wanachuo 20 na bidhaa ya asali. Wauzaji 10 wanapewa kadi zenye gharama ya lita moja, ya kwanza ikiwa Sh4,000, ya pili Sh5,000, na kuendelea hivyo hadi Sh13,000. Wanunuzi 10 nao wanapewa kadi zenye bei ya juu kabisa ambayo kila mmoja yuko tayari kulipa, kuanzia Sh13,000 kushuka hadi Sh4,000. Kila mtu ana lita moja tu ya kuuza au kununua, na haruhusiwi kumwonyesha mwenzake kadi.

Kwanza wapatane kwa siri, wawili wawili. Mkufunzi akiorodhesha bei ubaoni, darasa litaona zimetawanyika. Muuzaji mwenye gharama ya Sh4,000 huenda ameuza kwa Sh5,000 na kujiona mjanja, wakati kona nyingine ya chumba asali ileile imelipiwa Sh11,000. Kisha warudie kwa mnada wa wazi, kila bei ikitajwa kwa sauti. Baada ya raundi tatu au nne bei huelekea kati ya Sh8,000 na Sh9,000, na lita zinazouzwa hukaribia tano. Ndipo mkufunzi achore ile mistari miwili. Darasa litagundua kwamba inakatana palepale walipofika wao wenyewe kwa kelele zao.

Mwanachuo aliyeuza kwa Sh5,000 katika raundi ya kwanza hahitaji tena kufafanuliwa thamani ya taarifa za soko. Anajua pia kwa nini mrina asali anayefuatwa porini na mchuuzi mmoja hulipwa kidogo, na kwa nini Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ilikuja na utaratibu wa kukusanya mazao ya wengi ghalani kabla ya kuuzwa. Ataweza hata kuukosoa utaratibu huo pale unapomchelewesha mkulima kupata fedha zake, kwa sababu sasa anaelewa ulikusudiwa kutibu nini.

Nani anabeba ushuru?

Zoezi hilohilo linaweza kuendelezwa. Mkufunzi atangaze kwamba kila muuzaji atalipa ushuru wa Sh2,000 kwa lita. Soko likichezwa upya, lita zinazouzwa hushuka kutoka tano hadi nne, na bei hupanda hadi kati ya Sh9,000 na Sh10,000. Ushuru ni Sh2,000, lakini bei imepanda kwa Sh1,000 tu. Nusu imebebwa na mnunuzi na nusu imebaki kwa muuzaji.

Raundi inayofuata, ushuru uhamishiwe kwa mnunuzi. Wauzaji watashangilia. Furaha yao haitadumu, kwa sababu bei sokoni itashuka hadi kati ya Sh7,000 na Sh8,000. Mnunuzi akiongeza Sh2,000 za ushuru, ametoa kilekile alichotoa mwanzo, na muuzaji naye amebaki na kilekile.

Hili linahusu maisha ya kila siku ya halmashauri zote za mkoa. Sheria inasema ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi, na wanasiasa hupenda kuwakumbusha wakulima jambo hilo majukwaani. Darasa lililocheza soko la asali litajua kwamba anayepeleka fedha kwenye ofisi ya halmashauri si lazima awe ndiye aliyebeba mzigo wote. Ofisa mipango wa kesho anayejua hivyo ataandika ushauri tofauti na yule aliyekariri.

Hesabu za msafara

Kwa somo la fedha, Tabora ina kitabu kilicho wazi ambacho vyuo vingine havina. Katika karne ya 19 mji huu, uliojulikana pia kwa jina la Kazeh katika Unyanyembe, ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na Maziwa Makuu. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kufika Kazeh Novemba mwaka huohuo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa wa takriban kilo 30, na Wanyamwezi walisifika kote kwa kazi hiyo.

Misafara hiyo iliendeshwa kwa mikopo. Wenye mitaji Unguja, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wa Kihindi, waliwakopesha wasafiri vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya. Deni lililipwa kwa pembe za ndovu msafara uliporudi, pengine baada ya miaka miwili au zaidi. Njiani kulikuwa na posho za wapagazi, hongo kwa watemi, magonjwa na vita.

Mkufunzi anaweza kuligawa darasa katika makundi, kila kundi likiwa na mfadhili wa Unguja, mfanyabiashara, kirangozi, mtemi na mnunuzi wa pembe. Matukio ya njiani yaandikwe kwenye vipande vya karatasi na kuokotwa kwa bahati nasibu, kama vile mvua, ndui, bei kushuka au njia kufungwa. Swali la kwanza ni rahisi. Kama mfadhili amekopesha misafara minne riale 1,000 kila mmoja, na anajua kwa uzoefu kwamba mmoja kati ya minne hupotea kabisa, atatoza kiasi gani ili arudishiwe tu fedha zake? Jibu ni riale 1,333 kwa kila msafara unaorudi. Thuluthi nzima imeongezeka kabla hajapata faida yoyote na kabla hajalipwa kwa kusubiri.

Hapo mwanachuo anaona kwamba riba ina sehemu zake. Kuna sehemu ya muda, kuna ya hatari, na kuna ile ya tamaa ya mkopeshaji. Atakapokutana na mkopeshaji wa mtaani anayetoza riba ya kutisha, ataweza kuuliza ni sehemu ipi kati ya hizo inayozidi.

Karatasi ya "njia imefungwa" nayo si hadithi ya kubuni. Mwaka 1871 vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya kwenda Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alilazimika kuzunguka upande wa kusini. Kuzunguka ni siku zaidi, na siku zaidi ni posho zaidi. Miaka 40 hivi baadaye, mwaka 1912, reli ya kati ilipofika Tabora, hesabu ziligeuka tena. Darasa likokotoe lenyewe kwamba behewa la tani 15 hubeba mizigo ya wapagazi 500.

Zoezi lisifiche upande wa giza wa biashara hiyo. Misafara ilisafirisha pia watu waliofanywa watumwa, nao waliandikwa kwenye hesabu za faida kama bidhaa. Mwanachuo wa fedha anapaswa kulijadili hilo waziwazi, kwa sababu daftari la hesabu linaweza kujumlishwa sawasawa huku likificha uovu.

Deni la mwenzako

Kutoka kwenye msafara, darasa linaweza kurejea kwenye mkopo wa pembejeo wa leo. Chukua mfano wa kikundi cha wakulima 10 wanaodhaminiana. Kila mmoja amekopa Sh3 milioni kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na mkopo unadumu miezi tisa. Riba ni Sh405,000, hivyo kila mmoja anadaiwa Sh3,405,000. Akiuza tumbaku ya Sh5 milioni, anatarajia kubaki na Sh1,595,000.

Wawili kati yao hawaleti kitu. Mmoja shamba lake lilipigwa na mvua ya mawe, mwingine aliuza tumbaku yake kwa mlango wa nyuma. Deni lao la Sh6,810,000 linagawanywa kwa wanane waliobaki, yaani Sh851,250 kila mmoja. Yule aliyetarajia Sh1,595,000 sasa anaondoka na Sh743,750. Kama malipo yamechelewa miezi mitatu zaidi na benki inaendelea kuhesabu riba, Sh135,000 nyingine zinakatwa juu ya deni lake mwenyewe.

Kazi ya mwanachuo haiishii kwenye kukokotoa. Mmoja akae mezani kama karani, aandike hati ya malipo yenye kila kato, kisha amweleze mwenzake anayeigiza mkulima, kwa Kiswahili chepesi, kila shilingi imekwenda wapi. Wengine wawe bodi ya chama na waamue kama aliyepigwa na mvua ya mawe atendewe sawa na aliyetorosha tumbaku. Mabishano yatakuwa makali. Ndani ya mabishano hayo ndimo yalimo masomo ya dhamana, bima, usimamizi wa hatari na utawala bora, ambayo kwa kawaida hufundishwa kama mada nne zisizojuana.

Kapu la Ng'ambo

Zoezi jingine linawatoa wanachuo nje ya lango. Wachague bidhaa 10 ambazo familia ya kawaida hununua, kama unga, mchele, maharage, mafuta ya kula, sukari, mkaa, sabuni na nauli. Kila mwezi wapite kwa wauzaji walewale mitaa ya Ng'ambo na kuandika bei. Kapu likigharimu Sh40,000 mwezi wa kwanza na Sh42,000 baada ya miezi mitatu, bei zimepanda kwa asilimia tano. Kisha walinganishe na takwimu za mfumuko wa bei zinazotolewa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), na waeleze kwa nini kapu lao limetofautiana na la taifa.

Tabora ina mfano wa mwalimu aliyepita njia hiyo. Miaka ya 1940, Julius Nyerere alipokuwa akifundisha St. Mary's mjini hapa, aliwahi kufanya kazi ya muda ya kukagua bei madukani kwa niaba ya serikali. Aliiacha baada ya taarifa zake kupuuzwa na wakubwa. Miaka 20 hivi baadaye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamikia elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake. Maneno hayo yalitoka kwa mtu aliyewahi kupita duka hadi duka akiuliza bei.

Visingizio na ukweli

Wapo watakaosema haya yote ni michezo ya watoto. Lakini zoezi lililoandaliwa vizuri lina kanuni, namba na jibu linaloweza kupimwa. Kinachoweza kuligeuza kuwa mchezo mtupu ni kukosa mjadala baada yake. Kama soko la asali limechukua nusu saa, nusu saa nyingine itumike kuuliza nini kimetokea, kwa nini, na kitabu kinasemaje. Mkufunzi anayeruka hatua hiyo amewafurahisha wanachuo bila kuwafundisha.

Wapo watakaotaja wingi wa wanachuo. Hoja hiyo ina uzito, kwani darasa la watu 200 haliwezi kuwa soko moja. Linaweza, hata hivyo, kuwa masoko 10 ya watu 20, kila moja likisimamiwa na mwanachuo aliyeelekezwa mapema. Tena bei za masoko hayo 10 zikiwekwa pamoja, somo la takwimu linapata data yake bila gharama.

Lugha nayo isisahauliwe. Masomo ya chuo hufundishwa kwa Kiingereza, lakini hakuna anayepatana bei ya asali Tabora kwa Kiingereza. Wanachuo waachwe wacheze na kubishana kwa Kiswahili, kisha waandike ripoti kwa lugha ya mtihani. Wengi wanaonekana wazito wa uchumi kumbe uzito wao uko kwenye lugha. Wakishaelewa jambo, maneno yatafuata.

Tatizo kubwa zaidi ni alama. Tangu Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi (NACTE) lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambalo sasa ni NACTVET, vyuo vilivyo chini yake vimehimizwa kufundisha kwa mitaala inayojali umahiri. Karatasi zinasema hivyo. Lakini mwanachuo husoma kile kinachotahiniwa, na mtihani ukiendelea kuuliza "taja sifa tano za soko huria", ataendelea kukariri sifa tano. Hakuna mkufunzi atakayehangaika kukata kadi iwapo kadi hizo hazina alama.

Wakuu wa vyuo wanaweza kuanza na hatua ndogo. Kila somo la uchumi au fedha liwe na angalau mazoezi mawili ya aina hii kwa muhula, na ripoti zake zihesabiwe kwenye alama za mwendelezo. Wakufunzi waliofanikiwa wawaonyeshe wenzao, na kadi, namba na maswali yao yahifadhiwe maktaba ili anayekuja asianze upya. Vyama vya ushirika navyo vifungue milango. Hati za malipo za misimu iliyopita, zikifutwa majina ya wakulima, ni vitabu vya kiada ambavyo hakuna duka linaloviuza.

Msimu wa masoko ya tumbaku unapofunguliwa, wakulima hupanga foleni kwenye ofisi za vyama vyao kusubiri malipo. Upande wa pili wa meza huketi kijana aliyetoka chuoni juzi. Vyuo vya Tabora vina uwezo wa kuhakikisha kwamba kijana huyo, kabla hajaketi pale, amekwisha kuketi mara kadhaa darasani akiulizwa swali lilelile, na amekwisha kujifunza kulijibu.